Meru kwa Baiskeli: Njia Tulivu Zilizo Mlangoni Petu

Kama wakaa Arusha mjini, wauona Mlima Meru kila asubuhi unapofungua dirisha. Wajua ya kuwa urefu wake wazidi mita 4,560, na ya kuwa katika Tanzania nzima ni Kilimanjaro tu uupitao. Lakini ukiulizwa umekwenda mara ngapi upande wake wa pili, huko Momella na Ngare Nanyuki, huenda ukajikuna kichwa. Wageni hupanda ndege toka Ulaya na Marekani waje kuuona upande ule, nawe uliye jirani yake hujautia machoni.

Leo twataka kukuonyesha namna ya kufika huko bila kukodi gari la watalii. Chombo chenyewe ni baiskeli. Usicheke kwanza. Twajua kijana wa mjini siku hizi akipata fedha kidogo hutamani pikipiki, na baiskeli huiona chombo cha muuza maziwa. Soma mpaka mwisho, kisha ucheke kama bado una hamu.

MCHEZO MPYA, TAIRI LA ZAMANI

Huko ng'ambo, katika miaka hii ya karibuni, umeenea mchezo wa kuendesha baiskeli katika barabara zisizo na lami. Sababu yake si ngumu kuielewa. Barabara za lami zimejaa magari, na mwenye baiskeli hana raha wala usalama ndani yake. Basi watu wakaanza kutafuta njia za mashambani, za misituni na za milimani, zilizomwagwa changarawe tu, ambamo gari hupita kwa nadra. Kule Kansas, Marekani, tangu mwaka 2006 yamekuwapo mashindano ya maili 200 katika njia za namna hiyo. Mwaka 2022 chama kinachosimamia mchezo wa baiskeli duniani kikaanzisha ubingwa wa dunia wa changarawe, nao ukafanyika mara ya kwanza nchini Italia.

Afrika ya Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 2021 yalianzishwa mashindano ya siku nne katika nchi ya Wamaasai wa Kenya, upande wa Mara, vijana wetu wakapambana na waendeshaji mashuhuri wa Ulaya. Mmoja wa walioutia mchezo huu moyo ni Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa timu iitwayo Amani. Huyu alifariki tarehe 27 Agosti 2022, alipoanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Wenzake wangali wakiendesha. Na mnamo Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika katika bara letu. Walioona vilima vya Kigali siku zile hawasemi tena ya kuwa baiskeli ni chombo cha watu wasio na kitu.

Sasa sikiliza jambo la kuchekesha. Baiskeli ya changarawe inayouzwa Ulaya, ambayo bei yake ni mamilioni ya shilingi zetu, ina tairi la upana wa milimeta 40 hivi. Wenyewe waligundua kwamba tairi pana lisilojazwa upepo mno hupita juu ya mawe kwa ulaini, halirukiruki, na mwendeshaji hachoki upesi. Naam. Chukua rula ukapime tairi la Phoenix ya mjomba wako: inchi moja na nusu, yaani milimeta 38. Mjomba hakusoma kitabu chochote, lakini amekuwa akiendesha baiskeli ya changarawe maisha yake yote.

Hata hivyo hatutaki kukudanganya. Ile ya kizungu ina uzito wa kilo 9 au 10, na hii ya kwetu yakaribia 20. Ile ina gia nyingi, hii ina moja. Kwa hiyo kwenye mlima mkali utashuka na kusukuma, na wala si aibu. Wachuuzi wa ndizi husukuma kila siku. Ukitaka nafuu, mwambie fundi akubadilishie friwili ya nyuma, akutie yenye meno mengi zaidi. Utakwenda polepole kwenye tambarare, lakini vilima vitapungua ukali. Vijana wengine wa mjini wanazo baiskeli za gia za mitumba, nazo zafaa sana kwa safari hii, ikiwa tairi zake si zile nyembamba za lami.

Breki ndizo zitakazokutia mashakani. Breki za fito za baiskeli za zamani hubana rimu kwa vipande vya mpira, na mpira ukilowa haushiki. Kushuka kutoka Momella kwa breki zilizolika ni kujitafutia kaburi. Kagua mipira ya breki siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Kwenye mteremko mrefu usibane mfululizo mpaka chini. Bana, achia, bana tena. Breki ya nyuma itangulie, ya mbele ifuate kwa upole, maana changarawe huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Beba pampu, viraka, solusheni na tyubu moja ya akiba. Miiba ya migunga iliyoko upande wa kaskazini haina huruma na mtu.

NA BINTI ZETU JE?

Hapa twagusa jambo litakalowaudhi baadhi ya wazee. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume hufundishwa baiskeli akiwa na miaka saba, na dada yake huambiwa si adabu. Ukiuliza adabu imeharibika wapi, hupewi jibu, au hupewa jibu la kwamba baiskeli itamdhuru mwilini. Hilo la mwilini halina ukweli. Kule Kigali wasichana wa Kiafrika walishindana mbele ya macho ya dunia, na hakuna aliyewaona kuwa wamepoteza heshima yao.

Na kuna jambo kubwa kuliko michezo. Msichana wa vijijini huku Meru aweza kutembea saa nzima kwenda shule ya sekondari na saa nzima kurudi, kisha akateke maji, kisha apike. Kwa baiskeli saa ile ingekuwa robo saa, tena njiani asingesimamishwa na kila mwenye pikipiki anayemwahidi kumpakia bure. Wazazi wenye mabinti waelewa vizuri twazungumza juu ya nini. Kama ni sketi inayowatia wasiwasi, zipo baiskeli zisizo na bomba la juu, na fundi aweza kufunga kikinga mnyororo kwa fedha kidogo. Basi baba, ukipanga safari ya Jumamosi, usiwachukue wavulana peke yao.

KUPANDA KUTOKA USA RIVER

Tuingie njiani. Safari huanzia Usa River, ambako barabara ya Momella huachana na barabara kuu ya Moshi. Kutoka Arusha mjini mpaka hapo ni kilometa zaidi ya 20 za lami, na kwa kweli hicho ndicho kipande kibaya kuliko vyote. Malori, mabasi na daladala hugombania nafasi, na mwenye baiskeli husukumwa mtaroni. Kama u mgeni wa mambo haya, au umefuatana na watoto, patana na mwenye pikapu akupakilie baiskeli mpaka Usa River. Fedha utakazolipa ni afadhali kuliko kitanda cha hospitali. Kama ni siku ya gulio la Tengeru, yaani Jumatano au Jumamosi, zidisha tahadhari, maana barabara hujaa watu, mikungu ya ndizi na mikokoteni.

Wenye watoto wadogo waweza kuishia hapo hapo Tengeru. Pana ziwa dogo la Duluti, lililokaa ndani ya kovu la volkano ya zamani, na msitu kuzunguka kingo zake. Tena karibu yake yapo makaburi ya Wapoland waliokimbizwa kwao na Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi katika kambi ya Tengeru. Watoto wako wataketi kando ya ziwa, wale viazi vyao, warudi nyumbani salama.

Wewe mwenye miguu ya nguvu, pinda kushoto hapo Usa River ukaanze kupanda. Kwanza utapita katika migomba na kahawa ya Wameru. Udongo ni mweusi na mwepesi, maana ni majivu ya volkano, na ndiyo sababu ya shibe ya nchi hii. Mlima huu haukufa zamani sana. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, na babu za watu waliopo leo waliliona jambo hilo. Watoto watakukimbilia wakikusalimu. Ukikutana na mzee, punguza mwendo umwamkie. Mtu wa baiskeli asiyeamkia huonekana mwizi.

Beba maji yako ya kunywa toka nyumbani, tena ya kutosha. Hili twalisema kwa mkazo. Mito na chemchemi nyingi za huku zina madini ya floridi kupita kiasi, hasa upande wa Momella na Ngare Nanyuki, mara nyingi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu mzima akinywa siku moja hatadhurika, lakini mtoto anayekua kwa maji hayo meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na wengine mifupa hupinda wasiweze kutembea sawasawa. Wala usidhani kuchemsha kutasaidia. Maji hupungua sufuriani na floridi hubaki yote. Pale Ngurdoto kilianzishwa kituo cha utafiti, na njia mojawapo waliyoijaribu ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo ukimwona kijana wa Meru mwenye meno ya kahawia, usimtanie kwamba hapigi mswaki. Alikunywa maji aliyopewa na mlima wake.

NDANI YA HIFADHI

Ukifika lango la Ngongongare umeingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 eneo la Mlima Meru likaongezwa, ikapata jina ililo nalo leo. Simama langoni, ueleze unakokwenda. Kama wapita tu kwenda Ngare Nanyuki, watakueleza utaratibu wa siku hiyo. Kama wataka kuzunguka ndani kwa baiskeli, omba kibali, na uende pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kiingilio cha raia ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni, basi chukua kitambulisho chako. Usijaribu kupenya kwa njia za panya. Askari wanazijua zote, na nyati wanazijua zaidi.

Mbele kidogo ya lango pana uwanda wa majani uitwao Serengeti Ndogo. Hapo utaona punda milia, ngiri, na mara nyingi nyati. Simba kwa kawaida hawapo katika hifadhi hii, ndiyo maana watu huruhusiwa kwenda kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini usilale. Baiskeli haina ngurumo kama gari, na huo ukimya wake ambao ndio raha yake ndio pia hatari yake, kwa kuwa mnyama hakusikii mpaka umemkaribia. Kwenye kona zenye kichaka zungumza na wenzako kwa sauti ya kawaida. Ukimwona nyati barabarani, simama mbali. Usipige kengele, usimzomee, usijaribu kumpita kwa kasi. Rudi nyuma taratibu, ungoje gari lipite ulifuate nyuma yake. Dume aliyetengwa na kundi ndiye mbaya kuliko wote, na ndiye hupenda kusimama peke yake kando ya njia akikutazama kama mdai.

Twiga ni kinyume chake. Atakutazama juu ya miti mpaka uone haya. Na katika msitu, ukizima maneno yako kidogo, utasikia mlio mzito kama wa kukoroma juu ya mitini: hao ni mbega, wenye manyoya meupe yaning'iniayo mabegani kama shali ya bibi harusi. Walioko ndani ya gari huwapita wasiwasikie. Hii ndiyo faida ya baiskeli ambayo hakuna gari la bei yoyote liwezalo kukupa. Unasikia mto kabla ya kuuona. Unanusa nyati kabla ya kumkuta, jambo ambalo limewaokoa wengi.

Kisha msitu hufunguka, ukayaona maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake, kwa kuwa viumbe vidogo viotavyo ndani yake si vya namna moja. Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, huja kwa wakati wao wakajaa ukingoni. Yapata miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka wote kwa pamoja, ukamwagika bondeni. Vilima vidogo vidogo unavyovipanda na kuvishuka hapa mpaka magoti yanalia ni vipande vya mlima uliovunjika, na maziwa yamekaa katika mashimo yaliyobaki kati yao. Geuza uso uutazame mlima kutoka hapa, utaona pengo lake kubwa, kama chungu kilichopasuka upande mmoja. Kutoka Arusha mjini huwezi kuliona. Wacheza filamu wa Marekani waliliona. Picha iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa sehemu yake hapa Momella.

NGARE NANYUKI

Ukitoka lango la Momella nchi hubadilika ghafula. Kusini mwa mlima mvua ni nyingi. Huku kaskazini mlima umeizuia. Migomba imekwisha, migunga imeanza, na vumbi lake ni laini kama unga. Ngare Nanyuki kwa Kimaasai maana yake ni maji mekundu. Hapo pana maduka, chai na maandazi, nawe utakuwa na njaa.

Unywapo chai hiyo, ujue umeketi mahali penye historia nzito. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika nchi hii ili ipate kuwapa walowezi wa Kizungu mashamba. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akafika New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Kura hazikutosha kuwarudishia ardhi siku ile, lakini sauti ya mkulima wa Meru ilisikika duniani miaka tisa kabla ya Uhuru. Wapo wazee huku waliohamishwa wakiwa watoto wadogo. Ukimpata mmoja, mnunulie chai umsikilize. Usimpige picha kabla hujamwomba ruhusa. Njia hizi unazoziona tulivu zilipata kusikia vilio, na wenye nazo hawapendi kuonwa kama miti ya kando ya barabara.

Na hata leo utulivu huu si wa likizo kwa kila mtu. Barabara hii ndiyo wanayopitia wenye nyanya na vitunguu kwenda sokoni, na ndiyo apitishwayo mama mjamzito kwenda hospitali. Ukisikia gari au pikipiki nyuma yako, shuka pembeni mapema. Wao wana haraka, wewe huna.

KURUDI

Wengi watageuza hapo na kurudi Usa River, na ni safari ya kutosha kabisa kwa siku moja. Mwenye nguvu zaidi, mwenye mwenzake na mwenye maji chupa tatu, aweza kuendelea kwa njia ya Uwiro na nyanda kavu za kaskazini mpaka Oldonyo Sambu, kisha akamate lami ya Namanga arudi mjini. Mzunguko wote toka Arusha mpaka Arusha wapita kilometa 100. Usiujaribu wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei. Udongo hunata gurudumuni mpaka lisizunguke, na makorongo hushuka maji bila kumwonya mtu. Juni na Julai ni kukavu, lakini asubuhi kuna ukungu na baridi upande wa kusini, basi chukua sweta. Uliza njia kwa wafugaji unaokutana nao, kwa kuwa vijia vya ng'ombe vyafanana sana na barabara. Uondoke alfajiri, jua la saa nane likukute umekwisha kufika lami.

Kutoka Oldonyo Sambu sehemu kubwa ni mteremko, na upepo waweza kukusukuma ubavuni. Shika usukani kwa mikono miwili, ukae kushoto. Ukifika Ngaramtoni magari huongezeka, na ukifika Sakina shuka usukume. Huko mjini ulikozaliwa ndiko kwenye hatari kuliko kwa nyati. Kesho yake mpelekee fundi baiskeli akaze spoki moja moja, kwa maana mawe ya Uwiro huzilegeza, na rimu ikipinda gharama yake ni kubwa.